Ndiyo, Ni Mimi Niliyeziba Pantoni

Sawa, video ya gari yangu ilivyokwama kwenye mlango wa pantoni la Kigamboni nimeiona. Imeanzia status ya mshkaji wangu jana usiku, asubuhi hii naikuta kwenye group la ukoo, kaituma mjomba wa Tanga ambaye hata salamu huwa hajibu, leo kaweka na vicheko saba. Kwahiyo kabla haijafika kazini acha nisimulie mwenyewe, maana mshkaji anachanganya ukweli na chumvi. Anasema gari ilinyanyuliwa na watu hamsini. Uongo. Walikuwa 12, tena wawili walishika gari kwa mkono mmoja, mwingine una simu.

Gari yangu mnaijua, Toyota Altezza ya 2001, silinda sita. Mwaka mzima nawaambia naishusha naishusha. Na nikasema sikati springi, mimi sio mhuni, springi ukiikata na shokapu ni ile ile ya zamani unakuwa umenunua farasi. Nikasema naweka koilova, zile ambazo springi imevaa shokapu na mwili wa shokapu una uzi kama boliti, unazungusha kola kwa spana yake gari inapanda au inashuka unavyotaka. Unavyotaka. Hilo neno ndo limeniponza.

Ilala pale kwenye spea kulikuwa na seti mbili za mtumba. Ya kwanza unashusha kwa kuzungusha kikombe cha chini, shokapu yote inafupika, springi haiguswi, inabaki imebanwa vile vile. Ya pili hakuna kikombe, unashusha kwa kulegeza kola inayoshika springi, maana yake kadri unavyoshuka ndo springi inavyolegea. Mshkaji akaniambia mwanangu chukua ya kwanza. Muuzaji naye akaniambia chukua ya kwanza, na hebu fikirieni muuzaji wa Ilala anakushauri kwa faida yako, ni mara ngapi inatokea?

Nikachukua ya pili. Ilikuwa na rangi ya dhahabu.

Ndio. Kitu ambacho kinakaa nyuma ya tairi, gizani, kwenye matope, nimekichagua kwa rangi. Endeleeni kucheka, na wewe mwenye IST najua uko hapo, shokapu zako zinavuja mafuta nimeziona Jumamosi.

Fundi kafunga, nikamwambia shusha. Akashusha. Nikaingiza kidole kati ya tairi na fenda, kikapita, nikamwambia bado. Akashusha tena mpaka kola ikafika mwisho wa uzi, ukipiga jeki springi zinacheza zenyewe kng'a kng'a kama kengele ya muuza barafu. Na kile kitufe cha juu cha ugumu wa shokapu nikakizungusha chote hadi kikagoma, eti nipate "kontroo". Mjue tu kwamba ikiwa ngumu namna ile gari haimezi shimo, inaliruka. Kutoka Ilala mpaka Tabata nimefika mgongo unauliza nimekosa nini.

Sasa juzi kuna send-off Kigamboni. Mamkubwa kanipigia, baba utatupitia mimi na shangazi zako. Siwezi kumkatalia mamkubwa. Na hapa mshkaji anasema sikupita daraja la Nyerere kwasababu nilibana hela ya kulipia pale getini. Huu ni ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka watu wa pantoni waione gari.

Tena nilipiga hesabu wajameni. Springi za nyuma ni za kilo 6, yaani kila moja inataka kilo 6 ibonyee milimita moja, mbili ni 12. Shangazi wawili, binamu, hotpoti mbili za biriani na zawadi, tuseme kilo 240, gawanya kwa 12, milimita 20. Sentimita mbili tu! Ekzosi ina sentimita saba kutoka chini. Tunapita kifalme. Baadaye ndo fundi ananiambia kwa upole kama daktari kwamba springi ya Altezza haijakaa juu ya tairi, imekaa kwa ndani kwenye ule mkono wa chuma unaoshika tairi, kwahiyo ikibonyea kidogo gari inashuka zaidi, hesabu yangu niizidishe karibu mara mbili. Na kwamba nilipimia kwenye sakafu ya gereji.

Tukafika Magogoni, pale kwenye kivuko. Kuna mzee mmoja kakaa pembeni na ndoo yake ya samaki, kaiangalia gari, kaangalia bahari, akaniita kijana, leo bamvua, maji yametoka sana, hiyo gari yako ina tumbo. Nikamwambia shikamoo mzee, tutapita. Marahaba, akasema, akasogeza ndoo yake akae vizuri. Yule mzee alikuwa anatafuta siti.

Geti likafunguliwa. Nashuka kwenye zege taratibu, zege limelowa, chini kule lina mwani. Muziki nimepunguza. Mbele yangu mlango wa pantoni umelala, unapanda kidogo halafu unakunja kuingia ndani. Lipu ya mbele, ule mdomo wa plastiki chini ya bampa, ikaugusa. Krrrrrr. Mamkubwa akasema Yarabi. Nikasema hiyo ni plastiki tu mamkubwa. Ikasikika mlio, paaa! Lipu ikang'oka ikabaki chini. Nikaongeza mafuta kidogo, tairi za mbele zikapanda, zikafika kwenye mkunjo, zikavuka, nikaanza kutabasamu kabisa, halafu gari ikakaa.

Sio kugonga. Ilikaa. Kama mtu mzima anavyokaa kwenye mkeka, na kuhema juu. Nikakanyaga mafuta, na Altezza inasukuma nyuma, tairi za nyuma zikaimba viiiiiii bila kushika kitu, moshi mweupe ukaja ndani tukakohoa wote watano. Nikanyanyua macho. Pantoni nzima imegeuka. Waenda kwa miguu, baiskeli, mama wa matembele, mtoto kapakatwa anaelekeza kidole. Nyuma yangu bajaji, kirikuu na daladala wanapiga honi kwa zamu.

Jamaa wa pantoni akaja akainama, akachungulia chini, akauliza swali ambalo silisahau: "Bro, hii imepata ajali?"

Ikabidi abiria washuke. Sasa gari iliyoshushwa namna ile mtu mzima hashuki, anatolewa. Binamu katoka, gari ikapanda kidogo, watu wakashangilia. Shangazi wa kwanza katoka, ikapanda, wakashangilia zaidi. Wa pili kavutwa mikono na vijana wawili, sauti ya pantoni nzima, "BADO MMOJAAA!" Mamkubwa kwenye siti ya mbele na kitenge chake cha send-off akanigeukia polepole, hakusema kitu. Mguu wa kushoto. Akapumzika. Mguu wa kulia. Akashika mlango, akashika paa, akashika kichwa cha kijana wa watu. Alipotoka gari ilinyanyuka jamani, springi zikalia kng'a, vigelegele vikapigwa na watu wasionijua.

Bado ilikuwa imekaa. Kama sentimita moja hivi.

Wakaja wabeba samaki na mbao mbili, moja mbili hup, wakaninyanyua na mimi nikiwa ndani kwenye usukani kama bwana harusi, wakanirudisha nyuma mpaka kwenye zege. Nikajua mamkubwa na kundi lake watarudi kwenye gari. Nageuka naona wameshapanda pantoni na hotpoti zao. "Baba, sisi tunatangulia." Mlango ukapanda. Akanipungia mkono.

Mengine mafupi. Ekzosi imekatika, nikazunguka mpaka Kurasini nikinguruma kama trekta nikalipa daraja kama watu wote, nimefika biriani imeisha na MC keshatangaza gari yenye tumbo. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, imechubuka ila haijatoboka. Fundi kapandisha kola sentimita nne na ugumu kaurudisha katikati, gari sasa inatembea vizuri mpaka inaudhi.

Lipu niliisahau Feri, pale pale kwenye kivuko. Leo kuna mtu kanitumia picha, kaikuta sokoni pale, jamaa kaikata vipande viwili anazuilia magurudumu ya mkokoteni yasiteleze.