Kuongoza kwa watazamaji hakuleti hela siku hizi

Julai 2025 CBS, stesheni ya tivii ya Marekani, walitangaza wanaifuta The Late Show, kipindi cha usiku cha mchekeshaji Stephen Colbert, mwisho Mei 2026, wakasema sababu ni hela tu. Kwenye hela mi sibishi, kipindi kilikuwa hewani tangu 1993 na kikiongoza saa yake ila kiliripotiwa kula hasara kama dola milioni 40 kwa mwaka, kilikuwa na wafanyakazi karibu 200, bendi, ukumbi mzima New York, halafu matangazo ya vipindi hivi vya usiku yameshuka toka dola milioni 439 mwaka 2018 hadi 220 mwaka 2024, nusu imeyeyuka jamani! Hata huku Kigoma vijana wa boda pale Mwanga hawakai mbele ya tivii usiku, wanaangalia vipande YouTube kwenye simu, bando likikata ndo basi, sasa stesheni itapata nini hapo.

Kinachoniuma ni ule muda. Siku tatu kabla ya tangazo hilo Colbert alikuwa ameisema hewani Paramount, kampuni mama ya CBS, kwa kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ambayo Trump aliwashtaki, tena wakisubiri serikali iwaruhusu kuungana na Skydance, kampuni ya filamu. Kama ni gharama mbona hawakupunguza kwanza, wapinzani wao NBC si waliondoa bendi ya kipindi chao cha usiku cha Seth Meyers 2024 na kipindi kikaendelea?