Tulia, Lakini Dai Lako Lisemwe

Mafunzo ya kazini jijini Nairobi siku hizi hayakosi somo la stadi za hisia, na ujumbe wake huwa mmoja: hisia zako ni jukumu lako, jifunze kuzidhibiti. Stadi hizo zinafanya kazi kweli. Linalonisumbua ni kwamba somo hilo hupewa zaidi mtu wa chini, na mara nyingi hutumika kumnyamazisha.

Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani walioandika kuhusu akili ya hisia mwaka 1990, hawakuhubiri udhibiti pekee. Kufikia 1997 walikuwa wametaja uwezo wa aina nne: kutambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa, kisha kuzidhibiti. Tukiruka tatu za kwanza, ya nne haina pa kusimama.

Chukua abiria wa Rongai, saa moja jioni, mvua inanyesha. Pale steji makanga ameita mia moja. Gari likipita Bomas anadai mia na hamsini. Moyo unaenda mbio, uso unapata moto, sauti imeshapanda kabla maneno hayajapangika. Hiyo ni adrenalini, na hoja haitoki sawasawa mpaka ishuke. Njia ya karibu ni pumzi: vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi sita, mara sita. Ni dakika moja tu. Wanaokosea huvuta pumzi kubwa kubwa kwa haraka. Kabonidioksidi inapungua mwilini, kichwa kinakuwa chepesi na wasiwasi unazidi.

Kisha itaje hisia kwa jina lake. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake kule California walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka upesi mbele ya hatari, ilitulia. Hapa Kiswahili kinatufaa sana. Kukereka si kuona uchungu, kuona uchungu si kuwa na kinyongo, na mwenye roho juu hatulizwi kwa maneno yale yale ya mwenye moyo mzito. Wengi wetu humwaga yote kwenye hasira. Wengine husema "nahisi umeniibia", na hiyo si hisia bali shtaka. Makanga atajitetea na ugomvi utaanza upya. "Nimeudhika kwa sababu tulikubaliana mia pale steji, na mia ndiyo hii" inabeba hisia na dai kwa pamoja. Huenda makanga asikubali. Lakini waliokaa karibu wamesikia bei iliyoitwa, na hao ndio mashahidi wako.

Sasa mtazame soja anayesimama langoni saa kumi na mbili mfululizo, au keshia anayetupiwa matusi kwa sababu mtandao wa malipo umekwama. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika utafiti wake wa 1983 juu ya wahudumu wa ndege, alionyesha kwamba tabasamu lenyewe ni kazi, na linamchosha anayelitoa. Mwanasaikolojia James Gross naye, mwaka 1998, aliwaonyesha watu filamu ya kukirihisha. Walioficha hisia usoni hawakupungukiwa na karaha, na mwili wao ulihangaika zaidi. Walioelekezwa kuitazama filamu kwa jicho jingine, kama mtu asiyehusika, ndio waliopata nafuu. "Vumilia, mteja ni mfalme" ni amri ya kuficha. Na hata hilo jicho jingine lina mpaka: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara wa mwezi ulipwe mwezi ukiisha, na hakuna namna ya kuutazama mshahara uliochelewa ukageuka kuwa kodi ya nyumba.

Watetezi wa stadi hizi watajibu kwamba aliyetulia hudai vizuri zaidi. Wana hoja. Soja anayepayuka anaweza kufutwa hata akiwa na haki, ndiyo maana simshauri mtu yeyote aache kujifunza. Kipimo changu ni hiki: ndani ya siku mbili baada ya kutulia, je, jambo lenyewe limefikishwa kwa mwenye uwezo wa kulirekebisha? Kama bado, mtu huyo amemeza tu, na kilichomezwa kitawatokea watoto nyumbani.

Kwa hiyo ningependa meneja ndiye atangulie kwenye mafunzo, kisha arudi na kubadilisha mambo mawili. Keshia aliyetukanwa aondoke kaunta kwa dakika kumi, msimamizi ammalizie mteja huyo mwenyewe. Na masharti ya langoni yaandikwe kwenye ubao, herufi kubwa, yakiwa na sahihi ya meneja chini, ili dereva asiyetaka kufungua buti agombane na ule ubao, si na soja.