Machi 8 nyingine, ya Kageye

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake, hapa Mwanza tunajua kitakachofuata: vitenge vya sare, maandamano, mgeni rasmi, hotuba ndefu juani. Sina ugomvi nayo hiyo. Ugomvi wangu ni na vile vipindi vya "siku kama ya leo", vya redioni na vya magrupu ya WhatsApp. Utaambiwa nani kazaliwa Marekani na nani karushwa angani, lakini Ziwa Victoria tulilo nalo hapa mlangoni halitajwi, isipokuwa Mei 21 tunapowakumbuka wa MV Bukoba.

Machi 8, 1875, pale Kageye, si mbali na jiji letu, mashua iitwayo Lady Alice ilishushwa ziwani. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu futi 40, imetengenezwa kwa vipande vitano ili ibebeke. Vipande hivyo vilitoka Bagamoyo Novemba 1874, juu ya mabega ya wapagazi. Pande la mashua la futi nane halipiti kwenye kinjia cha mguu, kwa hiyo kuna waliotangulia kufyeka vichaka, na wengine nyuma wanabeba, huku njaa na maradhi vikiwapunguza njiani. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya siku ile.

Mwenye msafara alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari na mpelelezi wa Kizungu, na Alice ni Alice Pike, mchumba wake aliyeahidi kumsubiri. Januari 1876, mwenzake akiwa bado bara na mashua yenye jina lake, bibi akaolewa na mwingine! Stanley aliipata habari mwaka uliofuata, baada ya kulivuka bara zima.

Na sadfa tupu: Umoja wa Mataifa ulianza kuadhimisha Machi 8 kuwa Siku ya Wanawake mwaka 1975, miaka 100 kamili baada ya mashua hiyo yenye jina la mwanamke kuguswa na maji ya Kageye.

Walilizunguka ziwa, wakarudi mwanzoni mwa Mei. Wazungu, waliokuwa wakibishana kama ni ziwa moja au mengi, wakaridhika kwamba ni moja, jambo ambalo Wakerewe hawakuhitaji kuthibitishiwa. Bumbire kulitokea ugomvi, na baadaye Stanley alirudi kuwamiminia risasi watu wa kisiwa kile. Hilo nalo lisomwe, lisirukwe.

Lakini ninayemtaka hasa redioni ni Safeni, mshika usukani wa Lady Alice. Alilizunguka ziwa letu, akafika na Stanley hadi mto Congo. Huko, mwaka 1877, akili zikamruka: akatangaza kwamba wamefika baharini, akambeba kasuku na kutokomea porini. Watu wakamtafuta, hawakumpata.

Basi watangazaji, Machi 8 ijayo mkishawapongeza akina mama, tupeni dakika mbili za Kageye. Na jina la Safeni litangulie la Stanley.