Neno Lililotokea Shukani

Kuchorwa tatuu mgongoni ni kazi ya watu wawili, na hilo fundi wa Malindi hakulitaja mpaka alipokwisha kupokea pesa zake. Alinifunika bega kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, akanikalisha, kisha akanisomea masharti kwa sauti ya kadhi anayeozesha. Nawa mikono kabla hujajigusa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, tena kwa vidole, dodoki usilisogeze. Usisugue kwa taulo, bonyezabonyeza kwa kitambaa safi hadi pakauke. Paka mafuta kidogo sana, pang'ae tu. Vaa nguo pana ya pamba. Usilalie. Usijikune. Magamba yakianza kutoka usiyabandue, yatatoka na rangi. Juani usikae, na baharini usiingie wiki mbili tatu, zikifika nne ni bora zaidi.

"Sawa," nikamwambia, mimi baharia wa mashua ya watalii. "Na huku nyuma nitajipakaje?"

Akanitazama kwa huruma. "Huna mke?"

Mke sikuwa naye. Nilikuwa na mama, bibi, mashangazi wawili na nyumba ya Langoni, Lamu, ambayo ukipiga chafya chumbani, dua inaitikiwa nyumba ya tatu. Na katika nyumba hiyo tatuu ni haramu, hakuna wa kujadiliana naye. Ndiyo maana nikachagua mgongo. Mgongo hufunikwa na shati, basi nani atauona? Nikachorwa kijahazi cha upana wa kiganja kwenye bapa la bega la kushoto, tanga limejaa upepo, bendera inapepea, na chini yake jina la mji wetu tunavyoliita wenyewe, kwa herufi kubwa na wino mweusi tii: AMU. Kilikuwa kizuri. Bado ni kizuri, waseme watakavyo.

Kutoka Malindi hadi Mokowe, pa kuvukia kwenda Lamu, sikuegemea kiti. Garsen nilipita nimekaa wima, Witu nimekaa wima, mpaka mama aliyekaa ubavuni mwangu akaniuliza kwa adabu kama nimetoka jeshini. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa jibu fupi kuliko mengine yote.

Kwa kazi ya kupaka mafuta nilimwajiri mtoto wa dada yangu, bwana mdogo wa miaka minane, kwa malipo ya mabuyu asubuhi na achari jioni. Siku ya kwanza alinimalizia nusu ya tyubu kwa mkupuo mmoja, shati likaninata mwilini mchana kutwa. Nikamfundisha upya. Alishika haraka, na shida ya mtoto anayeshika mambo haraka ni kwamba anajua pia thamani ya siri. Kesho yake mabuyu hayakumtosha, alitaka kaimati. Baada ya kaimati akataka kushika usukani wa mashua.

"Mjomba," akaninong'oneza jioni moja, vidole vimenawa, kitambaa mkononi, "chombo chako chalia."

"Chalia vipi?"

"Chatoa machozi meusi."

Hayo sikuyaogopa. Sindano ya tatuu hupita ngozi ya juu na kuuacha wino katika tabaka la chini yake, kina cha milimita moja au mbili hivi, na siku za mwanzo jeraha hutoa majimaji, damu kidogo na wino uliozidi. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaozidi kutambaa, hapo ndipo pa kukimbilia kwa daktari. Machozi si kitu. Yote hayo fundi aliyaeleza. La shuka hakulieleza.

Mimi hulala kifudifudi nikikumbuka, lakini usingizi haukumbuki. Asubuhi nikatoka na watalii wangu kwenda Shela, na mama akaingia chumbani kukusanya nguo za kufua.

Shuka lilikuwa jeupe. Katikati yake lilikaa jahazi, mistari yake yote imetimia, na chini ya jahazi neno. Wino ukihamia kwenye nguo hupinduka, wa kushoto ukawa wa kulia. Herufi nyingine zingegeuka vikorokoro visivyosomeka na mama angelitupa shuka majini. Lakini A ukiipindua ni A, M ni M, na U ni U. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Mama akasoma, kwa herufi kubwa zilizonyooka: UMA.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na bwana mdogo, aliyekuwapo tangu mwanzo na hakusema neno, maana hakuna aliyemwahidi kitu. Bibi aliletewa shuka na miwani, akasema, "Mato yangu hayaoni, nisomeani." Mama akamsomea.

"Uma nani?" bibi akauliza.

"Halikusema nani. Lasema uma tu."

"Basi ni huyo aliyelala hapo."

Ushahidi ukaanza kuletwa. Shangazi mkubwa akasema nakula nimekaa wima, siegemei ukuta. Shangazi mdogo akasema kaskazi hili lote la jua navaa mikono mirefu. Jirani, ambaye sijui nani alimwita, akasema juzi rafiki yangu alinipiga bega la salamu hapo ufukoni nikatoa ukelele, punda wawili wakasimama kunitazama. Halafu likaja lililowamaliza: vijana wa mtaa wanafanya mazoezi ya mashindano ya kuogelea ya Maulidi, na mimi, niliyelelewa na maji, nimeketi ukutani nashika nguo za wenzangu.

"Mwana wa Amu haingii baharini," shangazi mkubwa akahitimisha. "Chombo hicho kimetumwa kuja kumchukua."

Nilipokuwa narudi, harufu ya ubani nikaipokea mwanzo wa kichochoro. Nikadhani kuna mgeni. Nikaingia, nikakuta shuka limetandazwa uani, chetezo kinafuka pembeni, na mwalimu wangu wa chuoni, mzee aliyenisomesha alifu na bee, ameshika sahani nyeupe iliyoandikwa kwa zafarani.

"Ndoo, mwanangu, keti," bibi akaniita, kwa sauti ambayo humpa mtu aliyefiwa.

Mwalimu akaliosha andiko kwa marashi ya mawaridi, akanipa kombe ninywe. Nikanywa, sikuwa na neno. Hata nilipohisi moshi wa ubani unapenya hadi kwenye ukosi nilivumilia. Kisha mama akasema, "Kilichobaki tumpake mgongoni. Vua shati."

Jamani, ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema naona baridi. Lakini kichwani mwangu ilikuwa imekaa sauti ya fundi peke yake, nami nikamuuliza mzee wa watu:

"Samahani, mwalimu. Hayo yana manukato?"

Pakawa kimya. Shangazi mdogo akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwaona?" shangazi mkubwa akasema polepole. "Mwaona? Anaogopa marashi. Si yeye anayesema, ni yule aliye ndani."

Wakanishika. Mama mkono mmoja, shangazi mkono mwingine, jirani akasimama mlangoni nisitoke, na kadiri nilivyopiga kelele "hapana, si mgongoni, si mgongoni!" ndivyo walivyozidi kuwa na hakika. Mwalimu alikuwa amekwisha kuinua sahani bwana mdogo alipopasua katikati yao, tyubu mkononi.

"Mjomba hapakwi hayo!" akasema kwa ukali. "Hupakwa haya, kidogo sana, pang'ae tu. Na nyinyi wote hamjanawa mikono."

Shati likavuliwa.

Nikawapa mgongo, sikuona nyuso zao, lakini nilisikia. Nilimsikia mama akitazama shuka, akitazama bega, akitazama shuka tena. "U... m... A-m-u." Nilisikia chetezo kikiwekwa chini. Mwalimu akaifunika sahani yake kwa leso, taratibu, na alipopita karibu yangu akasema, "Hili si la kombe, kijana. Hili ni la toba na sabuni ya kufulia."

Bibi akanisogelea. Nikasikia pumzi yake begani.

"Yauma?"

"Yauma kidogo, bibi."

"Basi shuka halikusema uwongo."

Mama hakusema nami hadi magharibi. Habari haikungoja hata hapo: alasiri alifika kaka yake kutoka Matondoni, fundi wa majahazi tangu ujana wake, na nikajua sasa ndipo nitakaposomewa. Akanigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akapima kwa kidole bila kugusa. Akaguna.

"Nani kaunda hiki?"

"Fundi wa Malindi, mjomba."

"Hakujua bahari huyo. Tazama, tanga limejaa upepo kutoka tezi, huku nyuma, chombo kinakwenda kwa raha, na bendera inapepea kuelekea tezi. Upepo wa namna gani huo? Watoka nyuma ama mbele?" Akawageukia akina mama, kwanza wakadhani atanilaani. "Kinazama hiki. Hakifiki hata Manda."

Kisha akashauri nipake sifa. Kwa asiyejua, sifa ni mafuta ya papa tunayopaka mbao za vyombo, na harufu yake ukiipata leo utaoga nayo hadi Ijumaa. Yazuia maji, alisema, yazuia mchwa wa baharini, kwa nini yasizuie kidonda? Hapo nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mama, ambaye alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mchana: "Kama ni lazima apakwe, apakwe yale yasiyonuka."

Baadaye kuwasha kulipoanza, ule muwasho wa ngozi inayopona ambao unamfanya mtu mzima atamani kujisugua kwenye nguzo, bibi alijipa zamu. Aliketi nyuma yangu na upepeo wa ukindu, na kila mkono wangu ulipopanda begani aliushusha kwa kipigo. "Wajipiga kofi pole, hujikuni. Fundi wako kasema." Alikuwa ameyahifadhi masharti yote.

Aliyepata hasara ni bwana mdogo. Siri imekwisha, na kaimati zimekwisha. Lakini mtoto yule hakosi njia: jioni nilipotoka darini nikakuta watoto wa mtaa wamepanga foleni dakani, naye ameketi mlangoni na kopo.

"Shilingi tano kutazama," alikuwa anawaambia. "Kugusa, hapana. Labda uje na sabuni yako, na isiwe ya kunukia."