Oklahoma na Lakabu ya Waliowahi

Majimbo mengi ya Marekani yana lakabu za kujisifu. Ya Oklahoma ilianza kama tusi: Jimbo la Sooner, yaani la waliowahi kabla ya saa.

Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita kamili mchana, watu wapatao 50,000 waliojipanga mpakani waliruhusiwa kukimbilia ardhi ya karibu ekari milioni 2. Aliyewahi kuweka alama alidai ekari 160. Lakini wapo waliokwisha kunyemelea, wakajificha makorongoni na vichakani, kisha wakaibuka na farasi wasio hata na jasho. Sheria iliwanyima haki wote walioingia mapema, kesi zikarindima kwa miaka. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ilimkatalia ardhi hata mfanyakazi wa reli aliyekuwa akiishi humo kihalali.

Wanaolitetea jina husema maana imehama. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Oklahoma ilijiita hivyo mwaka 1908, na leo Sooner ni mchapakazi asiyesubiri kusukumwa. Hoja hii ina uzito. Mtoto anayeishangilia timu yake hamsifu mdanganyifu yeyote.

Wanaolipinga wanaukumbuka udanganyifu. Kwangu, hata wao wameishia njiani. Tukibishana nani alinyemelea na nani alingoja mlio wa bunduki, tumekwisha kukubali kwamba aliyengoja alistahili. Ardhi ile ilikuwa ya Wacreek na Waseminole, makabila ya wenyeji wa asili waliong'olewa kwao kusini-mashariki mwa Marekani kwa nguvu, wakaahidiwa kwamba huku hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1866 wakabanwa kwa mikataba waiachie, Waseminole kwa senti 15 kwa ekari, ili makabila mengine yahamishiwe humo. Ni kweli kwamba mapema 1889 walilipwa tena kwa haki iliyobaki. Ila mnunuzi, serikali ya Marekani, alikuwa yuleyule aliyewafukuza kwao, na hapakuwa na mnunuzi mwingine.

Shule za umma za Oklahoma City zimeacha maigizo ya watoto kukimbilia viwanja vya kujifanya. Hatua hiyo naiona nzito kuliko kufuta lakabu, maana inagusa kile mtoto anachofundishwa kushangilia. Jina la jimbo lenyewe ni la Kichoctaw, lugha ya Wachoctaw, kabila jingine la wenyeji wa asili: okla na humma, "watu wekundu", na lilipendekezwa na chifu wa Wachoctaw, Allen Wright, mwaka uleule wa 1866. Somo la Sooner lingeanzia hapo, miaka 23 kabla ya mbio.