Mtoto anahitaji mapenzi na mipaka, vyote kwa pamoja

Ukianzisha tu mada ya malezi watu wanagawanyika kambi mbili hapohapo. Kuna wale wa "mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu", na kuna wale wanaoamini mtoto asikatazwe kitu maana ukimwambia hapana utamuumiza. Mimi naona kila kambi imeshika nusu ya kazi na kuiacha nusu nyingine, na mtoto anahitaji zote.

Hili wala sio jipya. Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, tangu miaka ya 1960, alifuatilia watoto wadogo wa umri wa chekechea pamoja na wazazi wao, akaona malezi ya aina tatu: mzazi mkali anayetaka kutiiwa bila maswali, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi anayeonyesha mapenzi waziwazi huku anaweka mipaka na kueleza kwanini ameiweka. Watoto wanaojiamini na kuweza kujizuia walitoka zaidi kwa huyu wa tatu. Mwaka 1983 wanasaikolojia wengine, Eleanor Maccoby na John Martin, wakaongeza aina ya nne, mzazi asiye na mapenzi ya kuonekana wala mipaka, yaani yupo tu, na watoto wa hivyo ndo huwa wanahangaika zaidi ya wote.

Sasa shida ni kwamba watu wakisikia mipaka wanawaza sauti ya juu na fimbo. Mipaka ni mtoto kujua kabla kitakachotokea. Chukua mfano wa simu, usiku umesema katuni basi, muda wa kulala umefika, mtoto anaanza kulia, unavumilia, analia zaidi, unavumilia tena, mwisho umechoka na una kazi zako na kuna mgeni sebuleni anakuangalia, unamrudishia, "haya chukua, nyamaza". Wewe umepata utulivu na yeye amejifunza kwamba hapana ya mama ina mwisho wake, ni suala la kulia mpaka uufikie, kwahiyo kesho atalia muda mrefu zaidi na hatakata tamaa. Wanaosomea tabia wanalijua hili siku nyingi, tabia inayozawadiwa mara mojamoja bila mpangilio ni ngumu kuisha kuliko ile inayozawadiwa kila mara. Maana yake mzazi anayekataa leo na kukubali kesho anatengeneza kilio sugu kuliko hata yule anayekubali kila siku!

Ndo maana nashauri sheria ziwe chache. Chache kweli: kulala kwa wakati, usalama wake, asiumize wengine, aseme ukweli. Hizo zisimamie hata siku umechoka hoi, na wote wanaomlea waseme kitu kimoja, sio mama amekataa halafu anazunguka kwa baba anapewa. Mengine kama nguo gani avae au mchezo gani acheze mwachie aamue mwenyewe, naye anahitaji kuzoea kuamua.

Na kusimamia sio kufoka. Mtoto analia kwa ajili ya simu, chuchumaa uangaliane nae, mwambie "najua ulitaka kuendelea, na umekasirika, lakini simu mpaka kesho", halafu baki hapo. Muache alie. Umekubali hasira yake na umekataa ombi lake, hivyo ni vitu viwili tofauti na wazazi wengi tunavichanganya, tunadhani kumuelewa mtoto ni lazima kumpa anachotaka. Na akishindwa kujizuia usione anakudharau, sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kujizuia inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20, sasa wa miaka mitatu unamdai nini?

Kuhusu fimbo nitasema wazi, siikubali. Sweden ilipiga marufuku kuchapa watoto mwaka 1979 ikiwa nchi ya kwanza duniani, na leo nchi zaidi ya 60 zimefanya hivyo. Lakini hata sheria ukiiweka pembeni, angalia fimbo inamfundisha nini mtoto. Anaacha kwasababu upo, ukitoka anarudia, na kikubwa anachojifunza ni kuficha. Leo anakuficha kikombe kilichovunjika, unaona ni kitu kidogo, ila huyohuyo akifika miaka kumi na nne halafu kuna mtu mzima anamshikashika na kumtisha asiseme, atakuja kukwambia wewe ambaye kila alipokuletea habari mbaya alichapwa? Hapa ndo roho yangu inauma kila nikisikia mzazi anajisifia kwamba watoto wake wanamuogopa.

Upande wa mapenzi nao tunajidanganya, tunadhani ada na nguo vinatosha. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Edward Tronick la miaka ya 1970, mama anacheza na mtoto mchanga vizuri tu, kisha anaambiwa akaushe uso kwa dakika chache, asitabasamu wala asiitikie chochote. Mtoto anajaribu kila njia, anacheka, ananyoosha mikono, anapiga kelele, mwisho anageuza uso na kuanza kulia. Dakika chache tu hizo. Sisi tunakausha uso jioni nzima tumeinamia simu, mtoto anasema "mama angalia" mara tano tunaitikia "mmh" bila kuinua macho. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na huo ushauri tunausambaza sana, ila skrini iliyo mkononi mwa mzazi hatuigusi. Kwa anayerudi usiku amechoka, hata robo saa bila simu, unamsikiliza stori zake za shule mpaka mwisho, inatosha kuanzia.

Na kama mtoto ameshakuwa mkubwa kidogo na nyumba haikuwa na utaratibu, bado inawezekana. Kaa nae umwambie kuanzia sasa itakuwa hivi na hivi, sababu ni hizi. Ila jua kelele zitaongezeka kwanza kabla hazijapungua, atakupima kwa nguvu kuliko zamani kwasababu njia aliyoizoea imegoma ghafla, na wengi wanaachia hapohapo wakiamini njia hii haifanyi kazi, wakati kelele zile zinaonyesha kwamba ameanza kuona mabadiliko. Siku hizo usiongeze sheria nyingine, shikilia hiyohiyo uliyoanza nayo, na usimnyime kumbatio la kulala hata kama mlikwaruzana mchana kutwa.