Tumbo la sungura halingoji kukuche

Jumapili ile baada ya Magharibi nilimpelekea Kashata, sungura wetu, mchicha wake kama kawaida. Huwa akisikia tu mlango wa uani ukilia, keshasimama kwa miguu ya nyuma, pua inamchezacheza. Siku hiyo hakuinuka. Alikuwa amejikunyata pembeni mwa tundu, macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayesikia baridi, na hapa ni Mombasa, mwezi wa Februari, joto la kaskazi ambalo hata ukuta ukiugusa usiku bado una moto. Nikamwekea mchicha mbele yake, nikajiambia amechoshwa na kelele za wageni, atakula usiku. Tutaona asubuhi. Nikafunga mlango nikalala.

Neno hilo, "tutaona asubuhi", ndilo linaloniandikisha leo. Ninaamini limeua sungura wengi katika mji huu kuliko paka na mbwa wote wa mtaani, na aliyelisema nyumbani kwangu ni mimi mwenyewe.

Alfajiri nilitoka na tochi ya simu. Mchicha ulikuwa pale pale, umenyauka. Sinia ya chini ya tundu, ambayo kila siku naikuta imejaa, ilikuwa na punje nne au tano za choo, ndogo kama mbegu za papai, kavu, mbili zimeshikana kwa unywele kama ushanga uliotungwa. Choo cha Kashata akiwa mzima ni cha mviringo, ukubwa wa mbaazi, na ukikivunja unaona nyasi tupu zilizosagika. Nilimshika masikio, yalikuwa baridi. Nikamsikia anasaga meno, sauti ndogo, kama vijiwe viwili vinasuguliwa ndani ya kiganja. Binti yangu, ana miaka tisa, akaweka sikio ubavuni mwake, akaniangalia. "Mama, tumbo lake halisemi."

Na kweli, halikuwa likisema. Tumbo la sungura mzima huwa na mngurumo mdogo usiokatika, kwa sababu kazi yake haina mapumziko. Sungura anakula usiku na mchana kidogo kidogo, na zile nyuzi ngumu za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo uende. Pembeni mwa utumbo huo kuna mfuko mkubwa kuliko tumbo lenyewe, umejaa vijidudu vyema vinavyochachua majani na kumtengenezea lishe. Lishe hiyo hutoka kama choo laini kilichofungamana kama kishada cha zabibu, naye hukila moja kwa moja kutoka mwilini. Wengi wakiona hivyo husema sungura mchafu. Si uchafu, ndivyo anavyoishi. Sasa safari hiyo ikisimama, chakula kinakauka tumboni, gesi inajaa, maumivu yanaingia, na kwa maumivu anakataa kula, na kwa kutokula utumbo unazidi kusimama. Kutapika hawezi, maumbile hayakumpa njia hiyo. Basi saa zinahesabika. Sungura aliyekaa saa kumi na mbili bila kula ni mgonjwa wa dharura, na mimi nilikuwa nimeshamwacha hivyo kwa muda wa saa kumi.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye namheshimu kama mamangu mzazi, alichungulia tundu akatikisa kichwa. "Mwanangu, mchinje mapema, asije akafa akawa nyamafu. Ni sungura tu." Alisema kwa huruma, naelewa alikotoka. Jirani mwingine akaniletea vidonge vya amoksilini vilivyobaki mtoto wake alipougua kifua. Akaniambia nivunje kidonge, nikoroge na maji, nimnyweshe nusu. Duka la dawa za mifugo nililoenda mwanzo, muuzaji hakuniuliza hata sungura ana umri gani. Alinipa dawa ya minyoo akageukia mteja wa kuku.

Kile kidonge nilikuwa nimeshakishika mkononi. Nasema hivi ili msomaji aliye na sungura nyumbani asikie: dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, sungura akipewa kwa mdomo zinaua vile vijidudu vyema, vibaya vinapata nafasi, vinamwaga sumu, na mnyama anaharisha mpaka anakufa. Dawa inayomponya mtoto wako inaweza kumwua sungura wako ndani ya siku chache. Kilichonizuia si elimu, ni kwamba binti yangu alikuwa amemfunika Kashata kwa leso yangu na hataki mtu amguse.

Tulimtia kwenye boksi la kadibodi, leso mbichi juu yake kwa ajili ya jua, tukapanda tuktuk, tukavuka daraja la Nyali. Njia nzima binti yangu mkono wake ulikuwa ndani ya boksi.

Daktari alianza kwa kumpapasa tumbo, polepole, vidole vya mikono miwili. Akanieleza anachokitafuta. Tumbo likiwa limewamba kama ngoma, huenda njia imeziba kabisa, na hapo kumlisha kwa nguvu ni kumpasua. Likiwa kama unga uliokandwa, chakula kimeganda lakini njia ipo. La Kashata lilikuwa unga. Kipimajoto kikasoma 37.4, na sungura mzima huwa kati ya 38.5 na 40. Ndiyo maana masikio yalikuwa baridi. Alimpasha joto kwanza. Kisha akamtia maji ya dripu yaliyopashwa, si kwenye mshipa bali chini ya ngozi ya mgongo, ngozi ikainuka kama kibyongo, na baada ya saa kadhaa kikashuka chenyewe. Kisha sindano ya kutuliza maumivu, na hilo lilinishangaza. Nilidhani ni ya kumstarehesha tu. Kumbe maumivu yenyewe ndiyo yanayoufunga utumbo, ukiyatuliza umeshaanza kutibu. Dawa ya kuusukuma utumbo ilikuja mwisho.

Nilimuuliza kuhusu nanasi, maana watu wawili walikuwa wameniambia maji ya nanasi huyeyusha nywele alizomeza. Hayayeyushi. Sungura wote humeza nywele wanapojilamba, na utumbo unaokwenda huzitoa. Zikionekana zimekusanyika ni kwa kuwa utumbo ulisimama kwanza, wala si nywele zilizousimamisha.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Nilipewa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaelekezwa nimlishe peleti, zile punje za chakula cha sungura, zilizolowekwa na kupondwa mpaka ziwe uji. Unaingiza ncha kwa upande, pale penye pengo kati ya meno ya mbele na magego, unasukuma kidogo, unangoja ameze, ndipo unasukuma tena. Ukimjaza mdomo kwa pupa, uji unaingia mapafuni. Kila baada ya saa tatu au nne nilikaa sakafuni, Kashata katikati ya mapaja, uji unanidondokea kwenye dera, namsugua tumbo kwa kiganja kutoka mbele kwenda nyuma. Mara ya kwanza aliumwagia wote kidevuni. Mara ya pili akameza. Saa nane usiku nikasikia kitu kimeanguka juu ya gazeti. Punje moja. Ndogo, ina ncha, imefunikwa na ute. Niliwasha taa nikaiangalia kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea, kisha nikamwamsha binti yangu, ingawa kesho yake alikuwa na shule. Mpaka jua linachomoza zilikuwa kumi na moja. Alizihesabu yeye.

Nilipopata nafasi ya kufikiri nilijua tulivyomfanya. Jumamosi nyumbani kulikuwa na posa. Watoto wa wageni walimzunguka Kashata mchana kutwa, wakampa vipande vya mahamri, biskuti, karoti kwa furushi. Mahamri ni unga na sukari, hayana nyuzi za kuusukuma utumbo, na sukari inachafua ule mfuko wa kuchachulia. Hata karoti, ambayo sote tumeaminishwa ndiyo chakula cha sungura, ni tamu mno kuliwa kwa wingi. Ongeza kelele na kushikwashikwa, kwa mnyama ambaye roho yake yote iko kwenye kukimbia. Ongeza joto. Sungura wa kufugwa asili yake ni Uhispania na Ureno, mashimoni, chini ya ardhi penye ubaridi. Nyuzi 16 hadi 21 ndizo zinazomkaa. Machi hapa tunafika 32, 33, na unyevu wa bahari juu yake. Hatoki jasho kama sisi, joto lake linapitia masikioni. Tundu lake lilikuwa limeelekea magharibi, na kidumu chake cha maji kilikuwa kimepinduliwa na watoto, sikujua tangu saa ngapi.

Hakuna aliyemkusudia mabaya. Lakini nafikiri sisi wa pwani, na labda Waswahili wote, tuna picha ya sungura inayotudanganya. Tumelelewa na hadithi za bibi zetu, ambamo sungura humshinda simba, humshinda fisi, huponyoka kila mtego. Mnyama wa hadithi hizo ni yule wa porini mwenye miguu mirefu, jamii nyingine kabisa, ila lugha yetu imewapa wote wawili jina moja. Kwa hiyo tukimweka huyu wa tunduni tunadhani ana ujanja wa yule. Atajijua. Huyu hajijui. Akiumwa ananyamaza, kwa sababu katika ukoo wake aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa. Mbuzi atalia, paka atakuja kukusugua miguu. Sungura anageukia ukuta. Sauti aliyo nayo ni ile sinia ya chini ya tundu, na asiyeiangalia kila asubuhi hajui kama mnyama wake yu hai au anakufa.

Na hili la "ni sungura tu", nimelisikia na kuhusu pesa. Kashata nilimnunua shilingi 800. Matibabu, dawa na tuktuk za siku tatu vilipita 4,000. Shemeji yangu alipiga hesabu mbele yangu, kwamba kwa pesa hizo ningepata watano. Sikumjibu vizuri siku ile, nimjibu sasa. Hesabu yake ni sahihi kwa aliyefuga kwa nyama, na simlaumu mfugaji wa nyama anayechinja mapema, maana kuchinja ni afadhali kuliko kumwacha mnyama akisaga meno siku tatu. Ninayemlaumu ni yule asiyefanya lolote kati ya hayo mawili. Madrasa tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie. Nilipokuwa mdogo nilidhani kosa lake ni ukatili. Sasa naona kosa lake lilianzia kwenye kufunga mlango. Ukishamtia mnyama tunduni, umemnyang'anya kila njia ya kujisaidia, basi kila alichokuwa akijifanyia umekichukua wewe.

Nilichobadilisha si kikubwa. Nyasi ndizo chakula chake sasa, mchicha na majani ya viazi vitamu ni kitoweo tu. Nanunua robota la nyasi kavu, zile za Boma Rhodes wanazolishwa ng'ombe na mbuzi, linanikaa muda mrefu, na meno yake, ambayo hayaachi kuota maisha yake yote, yanapata cha kuyasaga. Mchana namwekea chupa ya maji iliyogandishwa, nimeizungushia kitambaa, anajinyoosha ubavuni mwake. Namba ya daktari imebandikwa kwenye friji. Nilimpata kwa bahati, maana madaktari wengi wa mifugo hapa wamezoea mbuzi, kuku, mbwa na paka. Ukiwa na sungura, piga simu leo, akiwa mzima, uulize: daktari, umeshawahi kumtibu sungura? Usiku wa ugonjwa si wakati wa kuanza kutafuta.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna kijana ameleta sungura wawili weupe wiki iliyopita. Amewaweka juu ya paa la mabati, chini ya turubai, na nimeona anawatupia kabichi na ugali uliolala. Juzi nilimsimamisha nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa mama, nitawaangalia kesho." Nimemfungia furushi la nyasi kwenye gunia. Nikimaliza kuandika hapa nampelekea, kabla jua halijafika juu ya lile bati.